Miaka 38, afisa maendeleo wa kata, nataka kurudi chuo kusomea sera. Niende au nitulie?

Mnyaturu_87

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla ya kunishambulia, nimeandika kwa simu na watoto wamelala.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata, mkoa wa Singida, huu mwaka wa 12 kazini. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita. Baba yao anaendesha fuso la mizigo, wiki nzima inaweza kupita hatujamwona. Shahada ya kwanza nilisoma sosholojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikamaliza 2011. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi nimemaliza kulipa mwaka jana. Mwezi wa kwanza ile asilimia 15 ya mshahara ilipoacha kukatwa, nilidhani mhasibu kakosea nikakaa kimya.

Kilichonifanya niwaze chuo ni alizeti.

Mwaka 2022 nilikuwa nalea kikundi cha kina mama 11 waliotaka kukamua mafuta. Kwa asiyejua, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nikawasaidia kuandika katiba, nikawafungulia akaunti, na andiko la mradi nikaliandika mwenyewe, mapato na matumizi kwenye Excel, nikalipaka na rangi. Nilijivunia lile andiko. Wakapata milioni 14. Sita na ushee zikaenda kwenye mashine na kibanda, zilizobaki wakanunua alizeti gunia mia na kidogo kwa shilingi 70,000, wakaziweka stoo. Mpango ulikuwa kukamua taratibu, wauze mafuta kuanzia Januari bei inapopanda, maana huku kila mtu anajua Januari bei hupanda.

Haikupanda. Ilipofika msimu wa 2023 gunia jipya lilikuwa linachukuliwa kwa 32,000, na mwenye shida ya ada alitoa hata kwa 30,000. Mafuta ya kina mama yakawa hayana mtu, dukani yamejaa ya kutoka nje. Aprili mwaka huohuo mikopo yenyewe ikasimamishwa nchi nzima. Kutoa kulisimama, kudai hakukusimama, na wa kupeleka barua za kudai alikuwa mimi. Mwenyekiti wao ni mama wa miaka hamsini na kitu. Aliisoma barua yangu palepale mlangoni, akaikunja, akaniambia ingia unywe uji. Afadhali angenitukana.

Kwenye kikao cha idara nikauliza inakuwaje mkono mmoja wa Serikali unamkopesha mtu akanunue alizeti na mkono mwingine unapunguza ushuru wa mafuta ya nje mwaka huohuo. Mkubwa mmoja akacheka. Akasema, "Hayo ni mambo ya sera, sisi ni watekelezaji." Nikarudi nyumbani nikaanza kufungua tovuti za vyuo.

Nimeangalia Mzumbe, UDOM na Chuo Kikuu Huria. Nimeweka SACCOS milioni 4 na laki 3. Sijui niombe ruhusa ya masomo nikakae chuoni, au nisome huku nafanya kazi. Sijui kama nichukue utawala wa umma, sera, au nijitose kwenye uchumi ambao hesabu zake nimeziacha kidato cha nne. Na zaidi ya yote sijui kama mtu wa kata akisoma hayo anafika popote, au ni kubandika cheti sebuleni. Aliyepita njia hii anisaidie.

---

Kishoka wa Manzese

Sera za nchi hii zinapangwa na wenye watu wao. Hiyo milioni 4 nunua kuku wa kienyeji, Singida si ndiyo kwao.

---

Mnyaturu_87

Kuku nimefuga kaka. Kideri kilipita nao mwezi wa tisa, walibaki wawili na jogoo.

---

Mezani Mtumba

Dada, pole kwa ile barua. Nilianza nikiwa mchumi wa halmashauri, sasa mwaka wa saba niko Idara ya Sera na Mipango kwenye wizara moja hapa Dodoma. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako la alizeti ni zuri kuliko maswali mengi ninayosikia kwenye vikao vyenye maji ya chupa.

Kwanza, uijue kazi ilivyo. Watu wanadhani mtu wa sera anakaa anawaza nchi. Wiki iliyopita nimeshinda siku mbili naandaa majibu ya swali la mbunge: swali la msingi nusu ukurasa, halafu unakaa unabahatisha maswali mawili ya nyongeza atakayouliza, unamwandalia Waziri majibu yake na takwimu pembeni. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo kuanzia mwongozo wa mpango na bajeti unapotoka mpaka hotuba zinasomwa, sisi hatuna Jumamosi. Katikati hapo ndipo unapopenyeza sera: rasimu ya waraka wa Baraza la Mawaziri, maoni ya wadau, jedwali la nani anapata na nani anaumia. Asiyependa kuandika na kuandikiwa upya hawezi kazi hii. Aya yangu moja iliwahi kurudishwa mara tisa.

Sasa alizeti yako. Mkono mmoja na mkono mwingine, umesema kweli, lakini usiishie hapo. Kumbuka 2022 ilivyokuwa. Vita vya Ukraine vimeanza, alizeti ya kule imekwama bandarini, Indonesia ikafunga kuuza mawese nje kuanzia mwisho wa Aprili, bei ya mafuta ya kula ikapaa dunia nzima. Mjini watu walikuwa wanalia, na nafuu ya ushuru ya 2022/23 ililetwa kwa ajili yao. Indonesia ikafungua tena baada ya wiki chache tu, bei ya dunia ikaanza kushuka. Wakati huohuo mikoa ya kati, kwenu ikiwemo, wakulima walipewa mbegu za ruzuku ili walime zaidi, na wakalima. Kwa hiyo kina mama wako walipigwa na vitu vitatu kwa mpigo: ushuru, bei ya dunia, na mavuno. Bajeti ya 2023/24 ilipopandisha ushuru tena, wao walishaumia. Ukiniuliza katika ile 38,000 iliyopotea kwenye kila gunia ushuru ulichukua ngapi, sina jibu la haraka, na anayekujibu haraka anakudanganya. Namna ya kuvitenganisha vile vitatu ndiyo inayofundishwa darasani, na hiyo tu ingetosha kunifanya nikwambie nenda.

Halafu kitu kingine ambacho yule mkubwa wako hakukwambia: ushuru ule haupangwi Dodoma peke yake. Kuna Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi ikitaka kutoza tofauti kwa mwaka mmoja inaomba, mawaziri wa fedha wa Jumuiya wanakaa kabla ya bajeti kusomwa, na kilichokubaliwa kinatoka kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Na kabla ya hapo Wizara ya Fedha hutoa tangazo kila mwaka kukaribisha maoni ya maboresho ya kodi. Waagizaji wa mafuta wanaandika. Wenye viwanda wanaandika. Afisa maendeleo wa kata sijawahi kuona ameandika, na hakuna kifungu kinachokataza chama cha wakulima unaowalea kuandika.

Ajira. Usitafute tangazo la "mchambuzi wa sera" kwenye mfumo wa ajira serikalini, utakaa sana. Nafasi nyingi za meza hizi zinakaliwa na wachumi, na muundo wa kada ya uchumi mara nyingi unatazama shahada ya kwanza. Masta ya sera haitakugeuza mchumi. Ushauri wangu: usibadili kada, badili meza. TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, ina maafisa maendeleo ya jamii. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum ndiyo kwenu kabisa. Wewe uliyepeleka barua mlangoni, ukijua na kuchambua takwimu, pale una kitu ambacho mimi sina.

Kwenye kuchagua kozi, jina lisikutishe wala lisikuvute. Fungua mtaala. Utawala wa umma kwa sehemu kubwa ni uongozi, rasilimali watu, sheria za utumishi. Atakayekuwa mkurugenzi anaihitaji. Wewe tafuta penye takwimu, uchumi wa sekta ya umma, na tathmini ya miradi. Ukikuta vitatu hivyo kwenye kozi inayoitwa mipango, chukua mipango.

---

Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Mdogo wangu, mimi nilirudi nikiwa na miaka 44, mwalimu wa sekondari, watoto watatu. Nilisoma kwa masafa. Chuo sikitaji maana nina ugomvi nacho.

Kaka hapo juu kasema vizuri ila ni mwanaume, hajakwambia ya nyumbani. Kusoma huku unafanya kazi maana yake unasoma kuanzia saa nne usiku. Si saa tatu, saa tatu bado kuna mtu anatafuta soksi. Mume wangu alikuwa msaada mkubwa, lakini hata yeye mwaka wa pili alianza kuuliza "hii kitu inaisha lini?" Wewe wako yuko barabarani, kwa hiyo tafuta mtu wa kukaa na watoto kabla hujatafuta chuo. Nasema kwa upendo.

Takwimu zilinitoa machozi. Niliingia nikidhani wastani ni wastani, nikakutana na regresheni, ile ya kupima kitu kimoja kinavyoenda na kingine. Kilichoniokoa ni kijana wa field pale shuleni, amesoma hesabu, alikuwa ananifundisha Jumapili baada ya misa, namlipa kwa chakula. Anza sasa hivi, usisubiri udahili. Chukua kitabu cha hesabu cha kidato cha tano na sita, fanya sura ya takwimu peke yake.

Kilichonichelewesha ni tasnifu. Sura ya kwanza nilimpelekea msimamizi, ikakaa miezi minne. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikasafiri, nimekuta ofisi imefungwa, nikalala gesti ya 15,000 nikarudi. Miaka miwili ikawa mitatu na nusu. Ningejua, ningechagua mada ambayo data zake tayari ziko mkononi. Wewe unazo! Rejesta ya vikundi ya miaka 12, nani kakopa, nani karejesha, kikundi gani kilivunjika. Ila usichukue kienyeji, ni mali ya mwajiri. Andika barua upewe kibali cha utafiti, kigongwe muhuri, ukitunze.

Na kibali chenyewe cha kwenda kusoma. Kuna wenzangu walisoma kimyakimya jioni, wakamaliza, wakapeleka cheti ofisini kwa mbwembwe. Faili likafunguliwa, hakuna barua ya ruhusa, halikufungwa vizuri mpaka leo. Nenda kwa afisa utumishi, uliza kama umo kwenye mpango wa mafunzo. Kama humo, ingia.

---

Bongo Thuringia

Niko Erfurt, Ujerumani, nasoma sera ya umma kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kusomesha wanafunzi, ule unaoitwa Helmut Schmidt. Ni mzuri, lakini dada kwako una kikwazo: wanataka shahada yako ya mwisho iwe haijazidi miaka sita wakati wa kuomba. Ya 2011 haipiti. Nakwambia mapema usipoteze miezi ukitafsiri vyeti.

Jaribu ufadhili wa Chevening wa Uingereza. Haina kikomo cha umri, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, wewe unazo mara nyingi zaidi. Unachagua kozi tatu, masomo ni mwaka mmoja, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Kwenye insha zao usiandike "napenda kuleta mabadiliko katika jamii", kila mtu anaandika hivyo. Andika ile ya uji.

---

Kishoka wa Manzese

Nimesoma yote. Narudisha maneno yangu ya kuku. Ila swali: milioni 14 za watu zimelipwa?

---

Mnyaturu_87

Kishoka, zimebaki milioni 5 na laki mbili. Wanalipa kidogokidogo, mashine wanasagia na kukamulia watu kwa dumu. Wawili wamejitoa. Mwenyekiti hajajitoa.

---

Mnyaturu_87

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, niwape mrejesho.

Nilienda kwa afisa utumishi. Nilijiandaa kwa maneno, kumbe hata hakubisha. Akafungua orodha ya mpango wa mafunzo, jina langu halimo, na hapo nikajua miaka 12 sijawahi kuliomba. Akaniambia mpango mpya unaandaliwa sambamba na bajeti, ataniweka wa Julai. Ruhusa naweza kupata na mshahara ukaendelea, ada ni juu yangu. Aliniuliza nasomea nini, nikamwambia sera. Akasema, "Ukirudi utakuwa mkali sasa."

Chuo bado sijachagua. Mitaala nimeipakua, nimeiweka pembeni kwa pembeni kama alivyosema Mezani, na kweli kozi moja yenye jina kubwa ina somo moja tu la takwimu, la hiari. Hiyo nimeifuta. Ya Uingereza nitaomba Agosti, nikikosa nimekosa. Binti wa shangazi yangu amekubali kuja kukaa nasi kuanzia Juni, kwa hiyo mwalimu wangu lile la soksi nimelifanyia kazi. Na kitabu cha hesabu nimeazima kwa mwalimu jirani. Mtawanyiko, yaani namba zinavyoachana na wastani, umenichukua jioni nne.

Sasa hili ndilo lililonirudisha hapa. Nimeanza kuandika kurasa mbili za alizeti, ili nione kama naweza. Nikasema nianzie kwenye lile andiko langu la 2022, nikalitafuta kwenye flashi ya zamani, nikalifungua. Rangi zote ziko palepale. Bei ya gunia imeandikwa kwenye seli moja, 70,000, na bei ya kuuza mafuta seli moja, na jedwali lote la miezi 24 linavuta kutoka kwenye seli hizo mbili. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza bei ikishuka itakuwaje. Nikabadilisha ile ya mafuta tu, nikaishusha kwa robo, nikabonyeza. Kikundi kinashindwa kurejesha mwezi wa saba. Imenichukua chini ya dakika moja. Kompyuta ilikuwa hiihii, Excel ilikuwa hiihii.

Nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya kuulaumu ushuru. Nimeifuta, naiandika upya, ushuru haujatoka ila na mimi nimo.

Mezani Mtumba, kurasa zikiisha nizitume faragha au niziweke hapa? Na takwimu za mafuta yanayoingia kila mwezi naombea wapi?

---

Mezani Mtumba

Za uingizaji anza na TRA, Mamlaka ya Mapato, wao ndio wanaopitisha mzigo forodhani, za bei ya dunia Benki ya Dunia wanazitoa kila mwezi bure. Kurasa ziweke hapa. Ile seli usiifiche kwenye kiambatisho, iweke ukurasa wa kwanza.